Kwa nini sulisuli avuliwe kwa starehe na nyati asiguswe?

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Mayungu, hapa Malindi. Kila kaskazi ikiingia naona mashua za wageni zikitoka kwenda kuvua sulisuli kwa starehe tu, na hakuna anayewauliza. Shemeji yangu ana shamba Witu, upande wa Lamu. Nyati wamemmalizia mahindi, na akithubutu kumgusa mmoja ni jela. Nasikia Tanzania wanauza vibali vya kuwinda kwa dola. Kwa nini Kenya isifungue mbuga zake kwa wawindaji wa kulipa, pesa zikarudi kwa mwananchi? Au sheria ni ya maskini peke yake?

JIBU: Ndugu yangu, umefunga maswali matatu kwenye kamba moja. Naanza na lile linalokosewa hata redioni: Tanzania hawawindi ndani ya mbuga za taifa. Serengeti, Ruaha, Saadani, kote huko kumpiga mnyama kwa starehe ni kosa kama lilivyo kosa Tsavo.

Kinachowachanganya watu ni majina. Mtanzania akisema "hifadhi ya taifa" anamaanisha kile ambacho sisi Kenya tunakiita mbuga ya kitaifa, mahali palipofungwa kabisa. Sisi tukisema "hifadhi", kama Hifadhi ya Dodori au Hifadhi ya Boni, tunamaanisha eneo la daraja la pili, ambalo sheria inaweza kuruhusu matumizi fulani. Uwindaji wa kitalii wa Tanzania hufanyika kwenye mapori ya akiba, mapori tengefu na ardhi za jumuiya za vijiji, na maeneo hayo hugawanywa vipande vinavyoitwa vitalu. Kampuni hupewa kitalu, hupewa mgawo wa wanyama wa mwaka huo, na mgeni huwinda akiwa na mwindaji bingwa mwenye leseni pamoja na askari wa serikali. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ilipandishwa daraja ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na vitalu vilivyokuwa ndani yake vikafa. Ardhi ni ile ile na wanyama ni wale wale, lakini jina lilipobadilika bunduki ilitoka.

Mpaka huo ni wa zamani. Mkataba wa London wa 1933, uliotiwa sahihi na madola yaliyotawala Afrika, ndio ulioandika kwamba mbuga ya taifa ni mahali ambapo kuwinda na kukamata wanyama kumekatazwa, isipokuwa wasimamizi wenyewe waamue. Mbuga ya Nairobi ya 1946 na Tsavo ya 1948 zilizaliwa kwenye maandishi hayo. Kwingineko duniani mlango haujafungwa namna moja. Marekani, mbuga ya Grand Teton inayo sheria ya 1950 inayoruhusu wawindaji kuingia kupunguza kulungu wakubwa wa kule, wakiwa chini ya masharti ya wasimamizi. Ufaransa, mbuga ya Cévennes ina wakazi na ina wawindaji wake. Kwa hiyo anayekwambia kwamba kuwinda ndani ya mbuga hakujapata kutokea, msahihishe. Ila hapa Afrika, mabishano ya kweli ni juu ya ardhi inayoizunguka mbuga.

Sasa Kenya. Uwindaji ulipigwa marufuku Mei 1977, na biashara ya nyara ikafuata 1978. Wakati huo huo Tanzania ilikuwa ikifanya kinyume: ilikuwa imefunga 1973, ikafungua 1978. Mwaka 2004 Bunge letu lilipitisha mswada ambao ungelegeza mambo, na Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Sheria ya wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ilifunga kwa misumari. Sehemu ya 96 inautaja uwindaji wa michezo kuwa kosa. Sehemu ya 97, inayofuata hapo hapo, inautaja uwindaji wa kitoweo. Ziweke sehemu hizo mbili mbele yako, nitazirudia.

Je, marufuku imefaulu? Hapa kila upande huokota tarakimu inayompendeza. Wanaotaka uwindaji urudi hutaja hesabu iliyochapishwa 2016: kati ya 1977 na mwaka huo, wanyama wa nyanda za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Wanaoutetea ufungaji hutaja tembo, ambao walikuwa wameshuka hadi chini ya 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1980, na sensa ya 2021 ikawahesabu 36,280. Zote mbili ni kweli, na hakuna hata moja inayothibitisha kinachodaiwa. Tembo waliporomoka uwindaji halali ukiwa umekwisha kufungwa, kwa sababu ya majangili wa pembe, na walipata nafuu baada ya 1989 soko la pembe la dunia lilipofungwa na ulinzi ukaimarishwa. Swala na nyumbu wameisha kwa mashamba, seng'enge, mifugo kuzidi malisho, na ukame. Na kabla hujasema dola za wawindaji zingewaokoa, iangalie Selous. Pori lile liliishi kwa pesa za uwindaji, na tembo wake, waliokuwa zaidi ya 100,000 katika miaka ya 1970, walihesabiwa kama 13,000 tu mwaka 2013. Ujangili haukuuliza nani analipa mishahara.

Tuache nchi, tuje upande wa Lamu, maana hesabu ndiyo itakayokujibu.

Hifadhi ya Dodori ina kilomita za mraba 877, na Boni 1,339. Jumla 2,216. Tuseme mambo yote yangekuwa shwari, simba wakawa wengi wa kutosha, tukaamua kuuza simba. Wataalamu waliochunguza vitalu vya Tanzania walipendekeza mwaka 2011 kwamba mgawo usizidi simba nusu kwa kila kilomita za mraba 1,000, ila Selous tu ambako mmoja angevumilika. Piga hesabu: Boni na Dodori kwa pamoja ni simba mmoja kwa mwaka. Mmoja! Tena si yeyote. Lazima awe dume wa miaka sita au zaidi, na sababu yake iko nyumbani kwa simba mwenyewe. Ukimwua dume kijana mwenye familia, dume mgeni huja kuirithi, na jambo la kwanza analofanya ni kuua watoto wa mwenzake ili majike warudi kwenye joto. Risasi moja hugeuka vifo vitano au sita ambavyo hakuna aliyeviandika kwenye mgawo.

Umri huo husomwa vipi porini? Kwa pua. Simba mdogo ana pua ya waridi. Kadiri anavyokua huingiwa na madoa meusi, kama embe linaloanza kuiva vibaya, na akifika miaka mitano hivi zaidi ya nusu ya pua imekuwa nyeusi. Manyoya ya shingoni hudanganya, hasa nchi za joto na vichaka kama pwani yetu, ambako hata dume mkubwa huweza kuwa na manyoya haba. Sasa mfikirie mgeni aliyelipia siku 21, zimebaki mbili, jua limezama, na mbele yake yuko dume ambaye pua yake haionekani sawasawa. Hapo ndipo mfumo wote wa mgawo hukatika, na hukatika kwa watu waaminifu vile vile. Tanzania walilazimika kuweka ukaguzi wa fuvu na meno baada ya mnyama kufa, aliyepiga simba mdogo akapata adhabu.

Kasoro ya pili ni kuhesabu. Huwezi kuuza asilimia ya kitu usichokijua idadi. Kwenye nyika wazi, ndege ndogo huruka kwa mistari na wanyama wakahesabiwa. Kwenye msitu wa Boni ndege haioni kitu ila majani. Wachunguzi walipotega kamera chini ya miti ndipo dunia ikajua kwamba paa nunga, ambaye alidhaniwa amebaki kidogo tu Arabuko-Sokoke na Unguja, yumo Boni na Dodori kwa wingi kuliko alivyojulikana popote. Habari njema, naam, lakini pia ni onyo. Kama tulimkosa paa mzima kwa miaka yote hiyo, mgawo tungeuandika kwa kubahatisha.

Na pesa? Yule simba Cecil aliyepigwa Zimbabwe mwaka 2015, nje ya mbuga ya Hwange, mwindaji wake Mmarekani aliripotiwa kulipa kama dola 50,000. Chukua kiasi hicho. Toa gharama za kampuni, magari, kambi, wapagazi, ada za serikali, kisha kinachobaki kigawe kwa vijiji vya Waboni: Basuba, Mangai, Milimani, Kiangwe, Mararani na Bodhai. Kwa mwaka. Tena soko lenyewe linanywea: Ufaransa ilizuia nyara za simba kuingia nchini mwao mwaka huo huo wa 2015, na Australia vile vile.

Hata hivyo sitaki kuonekana nimeibeza hoja ya upande wa pili, kwa sababu ina mahali pake. Uwindaji wa kulipa hushinda utalii wa kamera kule ambako watalii hawafiki: pori kavu, barabara mbovu, mandhari isiyopigika picha. Mgeni mmoja wa bunduki hulipa kama wageni wengi wa kamera na hahitaji hoteli. Namibia waliipa jamii haki juu ya wanyama wao kwa sheria ya 1996, na maeneo mengi ya jamii kule yasingesimama bila mapato hayo. Botswana walifunga 2014, wakafungua tena 2019, malalamiko ya wakulima yakiwa sababu mojawapo. Boni kwa ramani ndiyo sifa hiyo hiyo: mbali, msitu mzito, hakuna hoteli. Lakini Boni tangu 2015 ni eneo la operesheni ya kiusalama, iliyoanza kwa jina la Linda Boni. Kuingiza vikundi vya raia wenye bunduki kubwa mahali ambapo mwanajeshi akisikia mlio wa risasi haulizi ni wa nani, sijui nani atautia sahihi waraka huo.

Tuje kwa nyati wa shemeji yako, maana hapa watu wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwindaji wa nyara hamtaki nyati anayekula mahindi. Anamtaka dume zee, aliyetengwa na kundi, ambaye paji la pembe zake limeungana katikati na kukomaa likawa gumu kama jiwe. Nyati huyo mara nyingi yuko bwawani na matope yake, pamoja na wazee wenzake wawili watatu. Wanaoingia Witu saa nane za usiku ni kundi la majike na ndama. Hao hawana bei. Na mgeni huwinda mchana. Kitalu kingeweza kuwepo nyuma ya shamba la shemeji yako miaka kumi na mahindi yakaendelea kuliwa vile vile.

Kinachomfaa ni mambo mawili, kinga na fidia, na fidia huitegemea kinga. Sheria inasema hakuna malipo ya mazao kama mwenye shamba hakuchukua hatua za maana za kulilinda. Kwa hiyo dungu la kulindia lijengwe upande wa msituni, si katikati ya shamba kwa sababu kuna mwembe wa kivuli. Mbwa wawepo, na vichaka vifyekwe kandokando ili nyati asifike mpaka mstari wa kwanza akiwa bado mafichoni.

Wakishaingia, kosa kubwa la watu wetu ni kulima upya au kuvuna yaliyobaki kabla ya kukaguliwa. Shamba liachwe lilivyo. Asubuhi ile ile apige picha za nyayo akiweka kitu cha kupimia kando yake, kwa sababu kwato ya nyati na ya ng'ombe hufanana, na mazao yaliyoliwa na ng'ombe hayalipwi na serikali. Aende ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, iliyo karibu akaandikishe tukio na achukue fomu, amwite afisa wa kilimo apime ekari zilizoharibika na umri wa mazao, na abaki na nakala ya kila karatasi. Jina kwenye fomu lilingane na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Mohamed na Muhammad wameshawachelewesha watu. Madai hupitia kamati ya kaunti kabla ya kwenda wizarani. Kwa mtu aliyeuawa sheria ya 2013 iliweka shilingi milioni 5, kwa ulemavu wa kudumu milioni 3, na kwa majeraha mengine hadi milioni 2. Aliyejeruhiwa asikose fomu ya polisi ya P3. Malipo huchelewa, hilo silifichi, na kuchelewa huko kumewafanya watu wengi wamchukie mnyama zaidi ya walivyomchukia kwa mahindi aliyokula.

Sasa zile sehemu mbili za sheria. Unauliza kama sheria ni ya maskini peke yake. Kwa maandishi, hapana: faini ya mwindaji wa starehe ni kubwa mno kuliko ya mwindaji wa kitoweo, ambaye kima chake cha chini mwaka 2014 kilikuwa shilingi 30,000 au miezi sita. Lakini kwa uzito, ndiyo, unayo hoja. Tajiri alipofungiwa 1977 alipanda ndege akaenda kuwinda nchi nyingine. Mboni wa Mangai, mtu wa jamii ya wawindaji wa msitu huo, hakuwa na pa kwenda. Alikuwa akiishi kwa asali, matunda ya msituni na upinde, akimpigia mluzi ndege wa asali amwongoze kwenye mzinga. Waata wa nyuma ya Malindi, wawindaji kama yeye, walikuwa wameonja kabla yake, Tsavo ilipowekwa. Marufuku iliwatia wote kwenye kapu moja na jangili wa pembe, na wala hawakuulizwa. Kama kuna mlango wa kufunguliwa siku moja, kwa maoni yangu ni huu mdogo wa kitoweo, kwa wanyama wasio adimu na kwa mgao wa kijiji, wala si ule wa dola. Tanzi za waya zingebaki marufuku hata hapo, kwani tanzi haichagui: humkaba paa nunga kama inavyomkaba paa wa kawaida, na aliyelitega akisahau njia, mnyama huoza bila faida kwa yeyote.

Nimeliacha la bahari mwisho kwa sababu wewe unalijua kuliko mimi, isipokuwa mpaka wake. Mbuga ya bahari ya Malindi, ya tangu 1968, ina kilomita za mraba 6.3, na ya Watamu 10. Ndani ya mistari hiyo hakuna anayevua, awe mgeni mwenye mashua ya mamilioni au mtoto mwenye mshipi. Kando yake ni hifadhi ya bahari, ambamo malema (mitego ya samaki), mishipi na nyavu halali zinaruhusiwa, lakini juya (wavu wa kukokota) na bunduki ya samaki zilipigwa marufuku nchi nzima mwaka 2001. Sulisuli huvuliwa nje zaidi, kwenye maji ya buluu, kwa leseni. Ukiiona mashua ya wageni imetupa ndoana ndani ya mbuga, hilo ni kosa kamili, iripoti. Na utaratibu huo, kiini kimefungwa na kandokando kunatumiwa, unalipa: kando ya mbuga ya bahari ya Mombasa ilipimwa na kuonekana kwamba lema likiwekwa karibu na mpaka hupata zaidi ya lililo mbali.

Tofauti kubwa ya sulisuli na nyati ni kwamba sulisuli anaweza kurudishwa akiwa hai. Anaweza, nasema, si kwamba lazima atapona. Ndoana ya kawaida humezwa ikatoboa tumbo; ndoana ya duara, ambayo ncha yake imepinda kuelekea shina, humshika pembeni mwa mdomo. Mshipi mwembamba mno hurefusha pambano, samaki akachoka mpaka misuli ikajaa asidi, na akiachiwa huzama kama gogo au papa akammaliza. Nahodha anayejua humleta ubavuni upesi, hamtoi majini hata kwa picha, humchoma alama yenye namba mgongoni karibu na pezi, kisha humshika mdomo mrefu huku mashua ikienda polepole mbele, maji yapite kwenye matamvua mpaka mwenyewe apige mkia. Anayempandisha sitahani dakika tatu ili mgeni atabasamu kwenye kamera huenda amemuua tayari, hata akimrudisha.

Ndiyo maana jarife lako, wavu wako mkubwa, nalo lina kazi hapa. Sulisuli huja kwa wingi kati ya Novemba na Januari, na wengine hunaswa na nyavu za wavuvi wakiwa na kile kijiti chenye namba mgongoni. Usikitupe. Andika namba, tarehe, mahali ulipokuwa na kina, na urefu kutoka ncha ya taya ya chini hadi panda ya mkia, si kutoka mdomo mrefu, maana huo huvunjika. Kipeleke kwa BMU yako, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, au kwa wanaotia alama pale Watamu. Samaki ni wako, kamuuze.